Mwamuzi wa Watoto Mbele ya Macho ya Watu

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiweka mizani na akawakataza waja wake kuipunja. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kukuta katika kurasa hizi habari za mchezo wa Wamarekani, tena mchezo wa watoto. Walakini wazee wetu wametufunza ya kuwa hekima ni mali iliyompotea Muumini. Popote aionapo huiokota. Na vijana wetu siku hizi hutazama michezo ya mataifa yote katika televisheni na katika simu zao, na wako jamaa zetu wanaokaa Marekani ambao watoto wao huucheza mchezo huo shuleni. Basi badala ya kuwaachia watazame tu, yafaa tuwaonyeshe lililomo ndani yake lenye mafunzo.

Nami sitasema sana juu ya gongo wala mpira. Nataka kumsema mtu mmoja ambaye watazamaji hawamkumbuki mpaka wamkasirikie, naye ni mwamuzi. Na jambo ninalotaka kulibainisha ni hili: uadilifu haukai moyoni peke yake. Una mahali pa kusimama, una wakati wa kunena, na una namna ya kuunyosha mkono.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Mchezo huu huitwa besiboli. Mrushaji husimama kati ya uwanja akautupa mpira mdogo mgumu. Mpigaji husimama na gongo kando ya bamba jeupe lililolazwa ardhini, na nyuma ya bamba huchutama mdakaji mwenye glavu nene ya ngozi. Mpigaji akiupiga mpira hukimbia kuvizunguka vituo vitatu, na akirejea salama penye bamba amepata bao. Nyuma ya mdakaji ndipo asimamapo mwamuzi mkuu, amevaa kinga ya uso na kinga ya kifua.

Mwaka 1939, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, bwana mmoja jina lake Carl Stotz alianzisha chama cha mchezo huu kwa ajili ya watoto, kiitwacho Little League. Mwaka 1947 yakafanywa mashindano makubwa ya kwanza ya chama hicho, na mwaka 1953 yakaonyeshwa katika televisheni kwa mara ya kwanza. Hata leo hufanywa kila mwezi wa Agosti huko South Williamsport, kwa watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili. Tangu mwaka 2022 huingia timu 20: kumi za Marekani na kumi za nchi nyingine. Timu kutoka Dhahran, Saudi Arabia, ya watoto wa wageni waliokuwa wakifanya kazi katika mafuta, imefika huko mara nyingi. Na jirani zetu wa Uganda walifika mwaka 2012, watoto kutoka mji wa Lugazi, nao ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Kisha Uganda ikafika tena mwaka 2015.

Waliotunga kanuni za watoto hawakuwapa uwanja wa watu wazima. Mtu mzima hurusha mpira kutoka mbali wa futi 60 na inchi 6, lakini mtoto hurusha kutoka futi 46. Baina ya kituo na kituo mtu mzima hukimbia futi 90, na mtoto futi 60. Jambo hili lisitushangaze sisi Waislamu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar, ya kuwa Mtume s.a.w. alishindanisha farasi waliokwisha kuandaliwa kwa mbio kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, na wale wasioandaliwa akawashindanisha kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, nao ni mwendo mfupi zaidi. Kila mmoja akapewa mwendo wa kadiri yake, na mwanzo na mwisho vikajulikana kabla ya mbio kuanza. Huo ndio msingi wa mchezo wa haki.

ENEO LISILOCHORWA

Kazi kubwa ya mwamuzi mkuu ni kuuhukumu kila mpira ambao mpigaji hakuupiga. Ukipita katika eneo lililowekwa, huitwa straiki. Ukipita nje yake, huitwa boli. Straiki tatu, mpigaji ametoka. Boli nne, hupewa kituo cha kwanza bila kupiga.

Na eneo lenyewe ni lipi? Upana wake ni upana wa bamba, yaani inchi 17. Urefu wake, katika mchezo wa watoto, huanzia makwapani mwa mpigaji mpaka juu ya magoti yake, anaposimama kama ilivyo kawaida yake. Tazama basi ajabu iliyopo: eneo hilo halikuchorwa popote. Limo katika jicho la mwamuzi tu. Tena hubadilika kwa kila mtoto, kwani katika umri huo mmoja amekwisha kurefuka kama baba yake, na mwenziwe angali mfupi kama mtoto wa chuo cha kwanza. Mpira ulio straiki kwa mrefu waweza kuwa boli kwa mfupi. Kanuni ni moja, na kipimo cha kila mmoja kimo katika mwili wake.

Hapa pana somo kwa wale wanaodhani ya kuwa kuwatendea watu haki ni kuwapa wote kitu kimoja sawasawa. Sivyo. Uadilifu ni kanuni moja isiyopindwa, ikapimwa kwa kila mtu kwa hali yake.

KUSIMAMA NA KUNGOJA

Mwamuzi aliyefunzwa vyema hasimami nyuma kabisa ya mdakaji, kwani hapo ataona mgongo wa mtoto tu. Husimama katika ule mwanya ulio baina ya mdakaji na mpigaji, akainama mpaka kidevu chake kilingane na utosi wa mdakaji. Kisha hukituliza kichwa chake. Macho ndiyo yanayoufuata mpira tangu utokapo mkononi mwa mrushaji mpaka uingie katika glavu. Kichwa hakitikisiki, kwa sababu kichwa kikitikisika, na eneo lile alilolishika machoni hutikisika pamoja nacho.

Mpira ukisha kuingia katika glavu, bado hasemi. Hungoja kitambo kidogo, kadiri ya pumzi moja, akiyapitisha tena akilini yale aliyoyaona; ndipo atamke. Waalimu wa kazi hii husisitiza sana jambo la kungoja. Mwamuzi mwenye haraka huhukumu aliyoyatarajia, na mwenye kungoja huhukumu aliyoyaona.

Na yule mwamuzi wa kituo cha kwanza naye ana adabu yake. Mkimbiaji anapoukimbilia mpira uliotupwa kwa mlinzi wa kituo, mambo mawili hutokea kwa pamoja: mguu hukanyaga kituo, na mpira huingia katika glavu. Jicho haliwezi kuyatazama yote mawili. Basi mwamuzi hulikaza jicho lake penye kituo na mguu, na sikio lake hulitega lisikie mlio wa mpira katika ngozi. Jicho na sikio hutoa ushahidi, na akili hukata hukumu. Wala hakimbilii kuwa karibu mno, kwani aliye karibu mno huona kiatu tu. Hutafuta pembe nzuri ya kutazamia, hata kama ni mbali kidogo.

Katika michezo ya South Williamsport waamuzi huwa sita uwanjani: mmoja penye bamba, watatu penye vituo, na wawili katika mistari ya mbali. Wote ni watu wa kujitolea, hawalipwi ujira.

Sasa linganisha hayo na yale tuliyofunzwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume s.a.w. amemkataza hakimu kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika. Kwa nini? Kwa sababu hasira hukitikisa kichwa cha moyo, kama vile mwili unavyokitikisa kichwa cha mwamuzi. Mwenye kutikisika haoni sawa, hata akiwa na nia njema.

SAUTI NA ISHARA

Ishara za mchezo huu si nyingi. Straiki: mwamuzi husimama wima, akanyanyua mkono wa kulia na kutamka kwa sauti. Boli: hutamka angali ameinama, wala hafanyi ishara yoyote. Aliyetoka huonyeshwa ngumi iliyoinuliwa. Aliye salama huonyeshwa mikono miwili iliyonyoshwa ubavuni. Mpira uliotoka nje ya mstari hutangazwa kwa mikono miwili juu na kwa sauti. Lakini mpira ulioanguka ndani ya mstari huonyeshwa kwa kidole tu, mdomo umefumbwa. Hekima yake ni hii: wachezaji wanaposikia sauti ya mwamuzi husimama, basi ikiwa mchezo ungali unaendelea, yafaa mwamuzi anyamaze ili watoto wasisimame bure. Kwa hiyo kunyamaza nako ni hukumu.

Ishara hizo humfaa asiyesikia pamoja na aliye mbali. Katika ligi kuu ya Marekani alikuwako mchezaji kiziwi, William Hoy, aliyecheza tangu mwaka 1888 hadi mwaka 1902. Wanahistoria wamekhitilafiana kama ishara za mikono zilianza kwa sababu yake au la. Lakini hapana mwenye kukhitilafiana juu ya faida yake, kwamba hukumu yapasa imfikie kila mwenye haki ya kuijua.

STRAIKI YA TATU

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Katika ligi kuu ya watu wazima wako waamuzi ambao mpigaji akitazama straiki ya tatu ikimpita, wao hufanya tamasha. Mmoja hugeuka ubavu akauvuta mkono kama avutaye upinde. Mwingine huruka, akapiga ngumi hewani, akapaza ukelele. Watazamaji hufurahi, kamera humtafuta, na jina lake hutajwa. Huko ni kwa watu wazima wanaolipwa ujira mkubwa, na kila mmoja ajua alichokiendea.

Lakini mpigaji akiwa ni mtoto wa miaka kumi na miwili? Amesimama peke yake mbele ya uwanja uliojaa, na nchi nzima inamtazama katika televisheni. Timu yake ikishindwa, ndio mwisho wa safari yao. Straiki ya tatu imempita, na mdomo umeanza kumtetemeka. Je, hapo ndipo mahali pa mtu mzima kucheza ngoma yake?

Wako wasemao ndiyo. Husema ya kuwa mrushaji naye ni mtoto, amefanya kazi nzuri, na furaha yake ni haki yake. Husema tena ya kuwa hukumu isiyotolewa kwa nguvu hutiliwa shaka. Maneno haya hayakosi ukweli, na ni wajibu wetu kuyapima. Kwa hakika mwamuzi hana ruhusa ya kunong'ona. Palipo na shaka kubwa, yapasa sauti ipande na mkono unyoshwe sawasawa, ili watu wote wajue ya kuwa ameona na amekata. Lakini nguvu ya hukumu ni kitu kimoja, na kumfanya aliyeshindwa kuwa mchezo wa macho ni kitu kingine. Furaha ya mrushaji itatoka kwa wenziwe watakaomkimbilia kumpongeza. Haihitaji kutoka kwa hakimu. Mwamuzi akisha kunyanyua mkono na kutamka, kazi yake imekwisha. Chochote azidishacho juu ya hapo hakimfai mtoto hata mmoja. Chamfaa yeye mwenyewe.

Sayyidna Umar r.a., katika barua mashuhuri aliyomwandikia Abu Musa Al-Ash'ari juu ya kazi ya ukadhi, alimwusia awasawazishe watu katika uso wake, na katika kikao chake, na katika uadilifu wake, ili mwenye nguvu asitumaini upendeleo wake wala mnyonge asikate tamaa na haki yake. Zingatia ya kuwa aliutaja uso na kikao pamoja na hukumu. Hukumu yaweza kuwa sahihi na uso ukadhulumu.

KAMERA NA MAKOSA

Televisheni imeleta jaribu jingine. Mtazamaji aliyeketi nyumbani hudhani ya kuwa aona vizuri kuliko mwamuzi. Asilolijua ni kwamba kamera inayotazama kutoka nyuma ya mrushaji, katika viwanja vingi, haikuwekwa katikati sawasawa bali imewekwa kando kidogo, ili mwili wa mrushaji usizibe. Basi mtazamaji huuona mpira kwa mshazari, akaapa ya kuwa umepita nje, na kumbe umepita ndani. Ni wangapi miongoni mwetu wanaohukumu mambo ya majirani kwa kutazama mshazari namna hiyo, kisha wakaapa!

Hata hivyo mwamuzi ni binadamu, na binadamu hukosa. Katika mashindano ya watoto, kuanzia mwaka 2008, picha za televisheni zilianza kutumiwa kurudia kutazama baadhi ya hukumu, na mwaka 2010 mlango huo ukapanuliwa. Wengine waliogopa ya kuwa heshima ya mwamuzi itaanguka. Haikuanguka, kwani heshima ya hakimu haikujengwa juu ya kutokosea kwake.

Mwaka huo huo wa 2010, tarehe 2 Juni, katika mji wa Detroit, lilitokea jambo katika ligi kuu ambalo kila kijana yafaa alijue. Mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituoni, na alibakiwa na mmoja tu ili akamilishe kazi ambayo ni wachache mno walioipata katika historia ya mchezo huo. Mpigaji wa 27 akaupiga mpira, akakimbia, na mpira ukamtangulia kituoni. Lakini mwamuzi Jim Joyce akanyosha mikono ubavuni: salama. Picha zikaonyesha ya kuwa amekosea. Kwa kanuni za wakati ule hukumu ile haikuweza kutenguliwa. Basi Joyce alipoiona picha hakutafuta udhuru. Alikiri mbele ya watu, akaomba akutane na Galarraga, akamtaka radhi huku akilia. Siku ya pili yake Joyce ndiye aliyesimama nyuma ya bamba, na Galarraga ndiye aliyemletea karatasi ya majina ya wachezaji, wakapeana mikono, na mwamuzi akafuta machozi mbele ya uwanja mzima.

Katika barua ile ile, Sayyidna Umar alimwambia Abu Musa ya kuwa hukumu aliyoikata jana isimzuie kuirejea haki leo ikimbainikia, kwa kuwa haki ni ya kale, na kuirejea ni bora kuliko kuendelea katika batili. Na Mtume s.a.w. ametupa bishara ya kuwa hakimu mwenye kujitahidi akapata ana ujira mara mbili, na mwenye kujitahidi akakosa ana ujira mmoja. Ujira huo ni wa mwenye kujitahidi, yaani aliyesimama mahali pake, akatazama, akangoja. Asiyejitahidi hana sehemu katika bishara hiyo.

WAZAZI NYUMA YA WAVU

Katika viwanja vya mitaa huko Marekani, taabu kubwa ya waamuzi haitoki kwa watoto. Hutoka kwa wazazi. Hukaa nyuma ya wavu wakitukana, mpaka wengi wa waamuzi wameiacha kazi. Mwaka 2023, chama cha Deptford, katika jimbo la New Jersey, kilipoona waamuzi wake wanaondoka, kiliweka kanuni ya ajabu: mtazamaji atakayemtukana mwamuzi hatarudi kutazama mpaka kwanza aamue michezo mitatu yeye mwenyewe. Ni dawa nzuri. Aliyesimama penye jua, mpira unamjia usoni, na watu mia wanamkodolea macho, hatafanya haraka tena ya kumwambia mwenziwe kuwa ni kipofu.

Mzazi amtukanaye mwamuzi mbele ya mwanawe humfunza mwanawe jambo moja: ya kuwa kushindwa kwake ni dhuluma ya watu wengine. Ngamia wa Mtume s.a.w. aitwaye Al-Adhbaa alikuwa hapitwi, mpaka akaja bedui na ngamia wake kijana akampita. Likawauma Waislamu. Mtume s.a.w. hakutafuta kasoro katika mbio zile; aliwaeleza ya kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote cha dunia ila atakishusha.

YA NYUMBANI

Sasa, ndugu msomaji, kila mzazi ni mwamuzi, na kila mwalimu wa chuo ni mwamuzi, kutwa mara ngapi! Watoto wawili wanagombania kitabu, mmoja analia, na mama yuko jikoni. Akipaza sauti kutoka huko huko na kumwadhibu asiyelia, amehukumu bila kusimama mahali pa kuonea. Na aende, atazame, amsikilize wa kwanza, na amsikilize wa pili. Na asubiri pumzi moja kabla ya kutamka.

Kisha aliyekosa aambiwe kosa lake mara moja, kwa sauti wazi, na liishe. Asitolewe mbele ya wageni, wala kosa lake lisifanywe hadithi ya kuchekesha wenziwe chuoni. Mtoto husahau fimbo, lakini hasahau siku alipochekwa.

Na mizani iwe moja. Nu'man bin Bashir r.a. amesimulia ya kuwa baba yake alimpa zawadi, akaenda kwa Mtume s.a.w. ili amshuhudie. Mtume akamwuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema la, alikataa kuwa shahidi, akaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu na wawe waadilifu baina ya watoto wao.

Ninyi vijana, mtakapoutazama mchezo huo, mtazameni na yule aliyeinama nyuma ya mdakaji. Mtazameni anavyokituliza kichwa na anavyongoja. Kesho mtaitwa kuamua baina ya ndugu, na baina ya wanafunzi, na pengine baina ya watu katika mali zao na damu zao. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Suratun Nisaa aya ya 135, tusimame imara katika uadilifu, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi na jamaa zetu. Anayejizoeza katika madogo ndiye atakayeyaweza makubwa.

Twamwomba Mola wetu atupe macho ya kuiona haki, na subira ya kuingoja, na ndimi za kuitamka bila ya kumvunja mtu. Amin. Wabillahi tawfiq.